PIKIPIKI YA MASAFA IMECHOKA: MFANYABIASHARA WA WASSO ANUNUE IPI?

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

WASSO, Ngorongoro

Wiki hii ukurasa wetu unaacha kidogo bei ya mahindi, maharage na mbuzi, na kugeukia chombo kinachoibeba biashara yenyewe. Mfanyabiashara wa dawa za mifugo, mnunuzi wa ngozi, fundi wa sola, mchuuzi wa nguo na bwana mifugo wanaoishi Wasso na Loliondo wote wanategemea pikipiki kwa safari ndefu. Pikipiki hiyo ikianza kumeza oili, kukataa kuwaka asubuhi na kulala gereji kila mwezi, mwenyewe hulazimika kujibu swali gumu: je, aikarabati, anunue nyingine kama ile ile, au ahamie aina tofauti kabisa?

Swali hili si dogo. Kwa wengi hapa, fedha za pikipiki hutokana na ng'ombe waliouzwa mnadani, au mkopo wa chama cha akiba na mikopo unaotakiwa kurejeshwa kila mwezi. Mtu akikosea kununua nguo, hasara yake ni ya nguo moja tu. Anayekosea kununua pikipiki hukosa safari, hukosa wateja, na rejesho la mkopo hubaki pale pale likimsubiri. Ndiyo maana tunashauri kwamba kabla ya kuingia dukani, mnunuzi akae chini na karatasi na kalamu.

NJIA NDIYO INAYOAMUA

Mtu wa Moshi au Arusha mjini anaweza kuchagua pikipiki kwa rangi na bei. Mtu wa Wasso hana nafasi hiyo, kwa sababu njia yake imekwisha kumchagulia mambo mengi.

Jambo la kwanza ni kwamba msafiri wa pikipiki hana njia ya mkato kwenda Karatu. Magari na mabasi yanaweza kukatiza Serengeti au Ngorongoro kwa kulipa viingilio. Pikipiki haziruhusiwi kupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na msafiri wa pikipiki hawezi kukatiza eneo la Hifadhi ya Ngorongoro kutoka upande huu hadi lango la Lodoare. Kwa hiyo atake asitake, atashuka kwa njia ya Sale, Ngare Sero na Engaruka mpaka Mto wa Mbu, ndipo apande ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Karatu, au anyooshe Makuyuni na Arusha.

Kutoka Wasso hadi Mto wa Mbu ni zaidi ya kilomita 200. Kipande cha kilomita 49 kati ya Wasso na njia panda ya Sale kimejengwa kwa lami, na waliopita hapo mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika Samunge kutafuta kikombe cha Babu, watakubali kuwa tofauti ni kubwa. Hata hivyo safari haiishii Sale. Baada ya lami kuna mteremko mkali wenye kona na mawe, kuna tambarare ya Ziwa Natron yenye mchanga na magadi, na kuna makorongo ambayo wakati wa masika hujaa maji kwa ghafla na kukauka baada ya saa chache.

Jambo la pili ni urefu kutoka usawa wa bahari. Wasso iko takriban mita 2,000 juu, wakati Ziwa Natron liko kwenye mita 600 hivi. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Maana yake ni kwamba pikipiki iliyokuvutia ulipoijaribu Tanga au Dar es Salaam, ikifika Wasso itakuwa imepungukiwa na karibu sehemu moja ya tano ya nguvu. Ukiongeza abiria na gunia, cc 100 itakuzomea kwenye mlima wa kurudi nyumbani.

Jambo la tatu ni vumbi. Udongo wa pande za Ol Doinyo Lengai una majivu ya volkano, nao mlima huo ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Vumbi hili ni laini kama unga, hupenya chujio la hewa na kusaga pistoni na ringi taratibu. Injini nyingi zinazosemekana kuwa ni mbovu tangu kiwandani kwa kweli zimeuawa na chujio ambalo halikusafishwa.

ZA ZAMANI ZILIKUWA NA SABABU ZAKE

Tuwe waadilifu kwa pikipiki za zamani. Miaka ya 1980 na 1990 pikipiki za masafa katika wilaya kama hii zilikuwa zaidi za idara za Serikali, misheni, hospitali na miradi. Majina yake yanafahamika: Honda XL, Yamaha DT na AG, Suzuki TF. Zilikuwa ndefu, zenye shokapu laini na tairi za meno. Baada ya kutumika miaka kadhaa ziliuzwa kwa mnada wa mali chakavu, na raia wakazinunua. Baadhi bado zinatembea.

Pikipiki hizi zilidumu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uimara wake. Ya pili, ambayo wanunuzi husahau, ni kwamba nyuma ya kila moja kulikuwa na ofisi iliyokuwa na stoo. Plagi, ringi, nyaya za klachi na tairi ziliagizwa pamoja na pikipiki. Raia aliyenunua mnadani alipata pikipiki bila ile stoo. Ndiyo maana pikipiki ile ile iliyomtumikia bwana afya kwa miaka kumi inaweza kumfilisi mfanyabiashara kwa miaka miwili.

HESABU YA MAFUTA

Sasa tuchukue mfano. Takwimu tunazotumia hapa ni za kukadiria tu. Kila msomaji aweke zake mwenyewe.

Tuseme mfanyabiashara anashuka Mto wa Mbu na kurudi mara mbili kwa mwezi, kisha anazunguka Loliondo, Soitsambu, Ololosokwan, Digodigo na Samunge. Jumla yake ni kilomita 1,500 kwa mwezi, sawa na kilomita 18,000 kwa mwaka.

Pikipiki yake ya zamani ni ya mipigo miwili, yaani ile inayochoma oili pamoja na petroli. Kwa umri wake na mzigo wake inakwenda kilomita 24 kwa lita. Kwa mwaka itakunywa lita 750 za petroli, na kwa mchanganyiko wa moja kwa arobaini itachoma karibu lita 19 za oili.

Pikipiki mpya ya mipigo minne yenye cc 150, ikiwa na mzigo, tuipe kilomita 36 kwa lita. Kwa mwaka itakunywa lita 500. Kwa sababu ya vumbi tubadili oili kila kilomita 1,500 bila kusubiri zaidi, yaani mara 12 kwa mwaka, lita moja kila mara.

Tofauti ni lita 250 za petroli na lita 7 za oili. Tukiweka petroli Sh 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, mwenye pikipiki ya zamani anatoa Sh 750,000 za ziada kila mwaka kwa petroli peke yake. Ikumbukwe pia kwamba bei ya mafuta haifanani nchi nzima. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa kila wilaya, na sehemu zilizo mbali na bandari huwa juu kwa sababu ya gharama za kusafirisha. Kadiri lita inavyokuwa ghali, ndivyo pikipiki inayokunywa sana inavyozidi kukuumiza.

Kuna hesabu nyingine ya tanki. Kanuni nzuri kwa njia yetu ni kwamba tanki moja likufikishe safari moja na nusu, kwa sababu korongo likijaa itabidi urudi ulikotoka. Kwa Wasso na Mto wa Mbu hiyo ni kama kilomita 320. Tanki la lita 10 kwenye pikipiki inayokwenda kilomita 20 kwa lita mchangani litakuishia kwenye kilomita 200, kabla hujaiona lami ya Mto wa Mbu. Tanki la lita 11 kwenye pikipiki inayokwenda kilomita 28 kwa lita katika hali hiyo hiyo litakupeleka kilomita 308. Hapo pengo ni dogo, na dumu la lita 2 lililofungwa vizuri mbali na ekzosi linaliziba. Petroli ya chupa inayouzwa vijijini isiwe tegemeo: mara nyingi ina maji au uchafu, na hukuna kabureta.

SIKU ZA KULALA

Pamoja na hayo yote, mafuta siyo gharama kubwa kuliko zote. Gharama kubwa kwa mtu wa Wasso ni siku ambazo pikipiki imelala.

Tuendelee na mfano wetu. Mnyororo umekatika na kupasua kifuniko cha injini. Kama pikipiki ni ya aina iliyojaa mtaani, kifuniko kitapatikana kwa jirani, au kwenye duka la spea Karatu au Mto wa Mbu, na kitapakiwa kwenye basi la kesho. Pikipiki imelala siku mbili au tatu. Kama ni ya aina ya pekee, fundi atapiga simu Arusha, Arusha watasema hakuna, watatafuta Nairobi au Dar es Salaam, kisha kitu kitakachokuja kitakuwa cha toleo tofauti. Pikipiki imelala wiki tatu. Katika wiki hizo mfanyabiashara amekosa safari moja au mbili za Mto wa Mbu, mnada umempita, na mteja wa Ololosokwan amekwisha kununua dawa kwa mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya pikipiki, uliza bei na upatikanaji wa vitu hivi saba: tairi na mpira wa ndani, mnyororo na sproketi, sahani za klachi, pistoni na ringi, breki, waya wa klachi, na beringi za magurudumu. Hivi ndivyo vinavyokwisha. Visipopatikana ndani ya siku tatu kutoka Wasso, pikipiki hiyo ni ghali hata ukipewa kwa nusu bei. Wahenga walisema rahisi hughalisha.

Chukua mfano mmoja wa tairi. Yamaha DT 125 hutumia rimu ya inchi 21 mbele na 18 nyuma. Honda XR 150L hutumia 19 mbele na 17 nyuma. Bajaj Boxer ya cc 150 hutumia inchi 17 mbele na nyuma. Rimu kubwa ya mbele hupita vizuri juu ya mawe, hilo halina ubishi. Lakini ukipasua tairi Engaruka saa tisa alasiri, tairi la inchi 17 unaweza kuazima kwa bodaboda yeyote. La 21 utalisubiri.

ZILIZOPO SOKONI

Tukiweka kando majina mengi ya biashara, mnunuzi wa Wasso ana makundi manne ya kuchagua.

Kundi la kwanza ni pikipiki za kazi za cc 125 hadi 150 kutoka India, kama Bajaj Boxer na TVS HLX, pamoja na zile za Kichina. Ndizo zinazobeba bodaboda karibu nchi nzima. Boxer 150 ina injini ya cc 144.8 ya mipigo minne inayopozwa kwa hewa. Sifa zake ni tanki la kutosha, keria imara, kiti kirefu, na spea kila kona. Fundi anayejifunza kazi chini ya mti huanza na hizi. Udhaifu wake ni kwamba ziko chini, shokapu zake ni fupi, na tairi zake za kiwandani ni za barabara nzuri zaidi kuliko mchanga. Baadhi ya udhaifu huo unarekebishika: weka tairi zenye meno ya wastani, bamba la kukinga injini, na usizidishe mzigo. Kwa zile za Kichina, angalia kwanza kama jina hilo lilikuwepo sokoni miaka mitano iliyopita. Majina mengi yamekuja na kuondoka, na spea zikaondoka nayo.

Kundi la pili ni pikipiki za porini, zile ndefu. Hapa kuna Honda XR 150L, yenye injini ya cc 149, tanki la lita 12, stata ya umeme pamoja na kiki, na uzito wa chini ya kilo 130. Kuna Yamaha DT 125 ya mipigo miwili, na Yamaha AG zilizobuniwa kwa ajili ya wakulima, zenye mnyororo uliofunikwa kote usiingie vumbi. Hizi ni bora kwa mtu anayesafiri peke yake kwenye njia za ng'ombe: bwana mifugo, mhudumu wa chanjo, mpimaji ardhi. Kwa mzigo mkubwa si nzuri, kwani kiti kiko juu na mzigo huyumba. Bei yake huwa juu, na spea halisi huagizwa. Tunazipendekeza kwa mwenye ofisi itakayonunua spea pamoja na pikipiki. Mtu binafsi anayeitaka kwa moyo wote atenge sehemu ya fedha zake kwa sanduku la spea siku ile ile ya kununua.

Kundi la tatu ni pikipiki kubwa za watalii, kama BMW GS au Honda Africa Twin, ambazo huonekana njia ya Natron zikiwa na masanduku ya bati pande zote. Vijana huzitamani. Hizi zina uzito unaozidi kilo 200 bila mzigo. Ikianguka mchangani na uko peke yako, utakaa nayo mpaka apite mtu. Mifumo yake ya umeme na ya kupulizia mafuta huhitaji vifaa vya kupimia ambavyo havipo katika gereji zetu. Watalii wenyewe husafiri wawili watatu, na nyuma yao lipo shirika la bima. Nzito kiasi kidogo ni Suzuki DR 650, yenye kilo 166 na injini isiyo na maji ya kupoza, ambayo imebaki karibu vile vile tangu 1996. Hata hiyo, kwa biashara ya Wasso, ni kununua shoka la kukatia kucha.

Kundi la nne ni pikipiki za umeme. Kwa bodaboda wa mjini hesabu yake inaanza kuvutia, kwa kuwa hakuna petroli wala oili. Lakini nyingi za zinazouzwa kwa kazi hiyo huenda chini ya kilomita 100 kwa chaji moja. Kati ya Sale na Engaruka hakuna pa kubadili betri. Kwa mzunguko wa Wasso na Loliondo, tusizidharau. Kwa masafa, bado.

TAHADHARI YA MPAKANI

Loliondo iko jirani na Kenya, na kila mara utamsikia mtu akisema pikipiki ng'ambo ni nafuu. Ni kweli bei zinaweza kutofautiana. Lakini pikipiki yenye namba za Kenya, zinazoanza na KM, ikiletwa huku bila kupita forodha na kulipiwa ushuru TRA ni magendo. Siku ikikamatwa, unafuu wote unakwisha, na pikipiki inabaki kituoni. Hutaweza kuikatia bima kihalali, hutaweza kuiuza kwa kadi, na ukigonga mtu utakuwa na kesi mbili badala ya moja.

Hata pikipiki ya hapa hapa inahitaji macho. Hakikisha jina kwenye kadi ni la anayekuuzia, namba ya injini na ya chesisi zinalingana na kadi, na uhamisho wa umiliki unakamilika TRA kabla fedha zote hazijatoka mkononi. Maneno ya "kadi nitakuletea wiki ijayo" yameliza wengi.

Angalia pia leseni yako. Daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi cc 125. Anayehama kutoka cc 125 kwenda cc 150 anahitaji daraja A. Wengi hubadili pikipiki wakasahau leseni, na bima ikaja kukataa kulipa.

MBADALA USIO PIKIPIKI

Kabla ya kufikia uamuzi, jiulize: ni lazima safari zote ndefu zifanywe kwa pikipiki?

Mfanyabiashara wa mfano wetu anashuka Mto wa Mbu mara mbili kwa mwezi, yaani zaidi ya kilomita 800 kati ya 1,500 zake. Ni safari hizo ndizo zinazomaliza tairi, shokapu na mgongo wake. Kama anachofuata ni mzigo wa kawaida, mzigo huo unaweza kupakiwa kwenye basi la Arusha au lori linalopanda na bidhaa, naye akaupokea Wasso. Akiondoa safari hizo, pikipiki itabaki na kilomita 700 hivi kwa mwezi. Kwa mwendo huo hata pikipiki yake ya zamani, ikifanyiwa ovaholi ya pistoni, ringi na beringi, inaweza kumfikisha miaka miwili zaidi bila mkopo.

Hesabu ni rahisi. Jumlisha nauli na gharama ya mzigo kwa mwaka. Jumlisha upande wa pili petroli, oili, tairi na matengenezo ya safari hizo hizo, na uongeze siku mbili za kazi kwa kila safari. Basi likishinda, mbadala wa pikipiki yako ya masafa ni pikipiki ndogo ya vijijini pamoja na tiketi ya basi. Zipo biashara ambazo basi haliwezi kuzifaa, kama dawa za baridi au mnunuzi anayesimama kila boma. Hao wanahitaji pikipiki ya masafa kweli. Wengine wengi wanaihitaji kwa mazoea tu.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwa aliyeamua kununua, tunashauri hatua hizi:

1. Andika safari zako za miezi mitatu iliyopita: wapi, kilomita ngapi, mzigo kiasi gani, peke yako au na abiria.

2. Nenda kwa fundi unayemtegemea hapa Wasso, umuulize ni aina zipi ana spea zake na vifaa vya kuzifungua. Usimuulize ni ipi nzuri. Atakutajia ile anayoipenda.

3. Uliza bei ya vitu saba tulivyovitaja, katika maduka mawili tofauti, Karatu na Arusha.

4. Ijaribu pikipiki ikiwa na mzigo, mlimani, injini ikiwa ya moto. Zima, kisha iwashe tena papo hapo. Pikipiki inayokataa kuwaka ikiwa ya moto itakuacha kwenye mteremko wa Sale.

5. Kama ni iliyotumika, fungua chujio la hewa. Ukikuta vumbi limevuka upande wa ndani kuelekea kabureta, injini imekwisha kula majivu, hata kama rangi inang'aa.

6. Usitumie fedha zote kwa pikipiki. Bakiza za uhamisho wa kadi, bima, kofia ngumu, seti ya tairi, mnyororo na sproketi, na vyujio viwili vya hewa vya akiba.

7. Pikipiki mpya ikifika, usiipeleke Mto wa Mbu wiki ya kwanza. Ianze na safari za karibu, bila mzigo mzito, na ubadili oili ya kwanza mapema.

MAONI YETU

Kwa mfanyabiashara wa kawaida wa Wasso anayebeba mzigo na asiye na ofisi nyuma yake, mbadala unaofaa zaidi ni pikipiki ya kazi ya cc 150, ya aina ambayo tayari imejaa Wasso, Karatu na Mto wa Mbu. Si nzuri kuliko zote kwa njia ya Natron. Pikipiki ndefu itaipita mchangani na juu ya mawe. Lakini ikiharibika Jumatatu, Alhamisi itakuwa njiani tena, na hilo ndilo linalolipa mkopo.

Kwa mtumishi anayezunguka maboma peke yake, na mwajiri wake ananunua spea, pikipiki ya porini bado haina mpinzani. Kwa mwenye safari chache na mzigo unaoweza kupanda basi, aikarabati aliyonayo na kuweka akiba.

Kwa wote, pikipiki ya zamani isiuzwe kwa hasira siku ilipogoma. Isafishwe, itengenezwe kasoro ndogo, kadi yake iwe safi, na iuzwe wakati wa kiangazi barabara zinapopitika na wanunuzi wanapokuwa na fedha za mifugo. Anayesubiri masika ndipo auze, hupokea bei ya chuma chakavu.